Karanga Kwenye Mkanda wa Risasi

Mtu akikuambia kwamba pale Kibaoni, Ifakara, kuna mama wa Kipogoro anayekusanya vitu vya vita vya uhuru vya Waairishi, usicheke kwanza. Subiri. Mwenyewe siku hizi anacheka, tena sana, lakini kuna wiki moja ambayo hakucheka hata kidogo, na habari yake ndiyo hii.

Jina lake la ubatizo ni Paulina, ila mtaani ni Mama Digna, na wenye utani wanamwita Mama Ayalandi. Ana kabati la vioo kwenye chumba cha mbele, kile ambacho marehemu mumewe Lukelo alikuwa akiuzia mchele. Wenzake kwenye makabati kama hayo wanapanga vikombe vya harusi ambavyo havitatiwa chai mpaka kiama. Yeye amepanga vitu vya Ayalandi. Kuna kifungo cha shaba chenye picha ya kinubi, kilichotoka kwenye koti la mpiganaji. Kuna stempu ya mtu aliyeshika bunduki. Kuna sarafu ya fedha waliyoitoa Waairishi kukumbuka miaka hamsini tangu walipowainukia Waingereza wakati wa Pasaka. Kuna picha ya akina mama waliovaa sare na kofia, wamesimama wima, hawamwogopi mtu. Na ukutani, kwenye fremu, kuna nakala ya tangazo la kujitawala. Binti yake Digna, mwalimu wa sekondari, alimsomea tangazo hilo kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo mama hajaacha kuwakumbusha wanaume wa Kibaoni kwamba wenzao wa Ayalandi walipodai uhuru waliwaita wanaume na wanawake kwa pamoja, tena tangu mstari wa kwanza.

Hakununua hata kimoja. Ifakara wazungu hawakatiki: huyu kaja kutafiti malaria, yule kaja kutazama ndege wa bondeni, wengine walikuja enzi za ujenzi wa daraja. Mama Digna akikutana na mzungu humwuliza swali moja tu, kama ni Mwairishi. Akijibu kwamba ni Mswisi, anaagwa kwa heshima zote. Akijibu kwamba ndiye, basi huyo kwisha habari yake. Atakunywa chai, atabebeshwa mkeka na mchele ule ambao ukipikwa nyumba hii jirani anameza mate, na akirudi mwakani lazima aje na kitu. Aliwahi kufika Mwingereza mmoja kutazama kabati. Alikaribishwa vizuri na chai akapewa, ila sukari ilisahaulika.

Lakini hivyo vyote ni wageni waalikwa. Mwenye nyumba ni mkanda. Ni mkanda wa ngozi wa kuvaa begani kupita kifuani, una vifuko vitano vya kuwekea risasi, na ngozi yake imekuwa nyeusi kwa uzee. Ulikuwa wa baba yake Sista Brijita, mtawa wa Ayalandi aliyefundisha wasichana ushonaji pale misheni, miaka hiyo Paulina akiwa binti mdogo mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja Sista aliwaonyesha wanafunzi mkanda huo, akawasimulia jinsi baba yake alivyopigana na Waingereza angali kijana. Paulina, mdomo wake huo, akadakia kwamba hata kwao walipigana. Baba wa bibi yake aliwaendea Wajerumani pale bomani Mahenge, wakati wa Maji Maji, na hakurudi. Sista akamwuliza wamebaki na nini chake. Paulina akaenda kumwuliza bibi, na bibi akamfukuza jikoni kwa mwiko. Basi jibu likawa kwamba hawana kitu. Hakukubaki upinde wala kibuyu, wala mahali pa kusema hapa ndipo alipolala.

Lile jibu lilimkaa Paulina moyoni akaolewa nalo, akazaa nalo. Miaka ikapita, Sista akazeeka hapahapa Ifakara, akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Alimwita Paulina kitandani akamwekea mkanda mikononi.

"Utunze huu wa kwetu," alimwambia, "mpaka utakapopata wa kwenu."

Mpaka leo kaburi la Sista lipo kule misheni, na mkanda ulipakwa mafuta ya nyonyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Mama Digna akitoka misa. Wa kwao hakuupata. Hivyo akaendelea kukusanya vya wenzake, maana moyo unaopenda kutunza lazima upewe cha kutunza.

Sasa mwaka huu, Nora, mtoto wa mdogo wake Sista, alituma ujumbe kwenye simu ya Digna. Alikuwa anakuja Tanzania kuliona kaburi la mama yake mkubwa na kuugusa mkanda wa babu yake. Angefika Ifakara Jumatatu. Mama Digna alitangaza habari hiyo kanisani, sokoni, mashine ya kukoboa mpunga, na kwa mtu yeyote aliyesimama muda wa kutosha. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa hesabu ya kazi ya maisha yake. Mwenye mali anakuja, naye atafungua kabati na kusema: huu hapa, haujapungua hata uzi.

Ndipo shangazi akafa.

Usimlilie sana shangazi Agnella. Alikuwa amevuka miaka tisini, amekula chumvi mpaka akaikinai, na siku ile ile ya kufa kwake alikuwa amelalamika asubuhi kwamba uji hauna sukari. Alikuwa akiishi kwa Mama Digna, kwa hiyo msiba ukawa hapo. Msiba wa mzee kama huyo unakuwa na wali mwingi na machozi kiasi, na watani ndio wenye uwanja.

Utani wenyewe si wa kufundishana. Zamani Wangoni waliwapiga Wapogoro, wakachukua watu na mifugo, na vita vilipokwisha kilichobaki ni kuchekana. Leo Mngoni akija kwenye msiba wa Mpogoro, na Mpogoro kwa Mngoni, ana ruhusa ambayo hata padri hana. Atavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake. Ataingia ndani na kuchukua anachotaka, nawe utakikomboa kwa kuku, kwa togwa, kwa pombe, huku unacheka. Na kuna sharti moja tu, kwamba mtani hanuniwi. Ukimnunia umemharibia marehemu safari yake.

Mtani wa nyumba ile alikuwa Hermenegildi, fundi baiskeli, Mngoni wa Peramiho aliyehamia Ifakara tangu ujana. Kwenye mazishi ya Lukelo aliingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe paja la mbuzi. Mama Digna, mjane wa siku moja, alicheka siku ile mpaka wakamshika mabega, na mara nyingi amesema kwamba kicheko kile ndicho kilichomvusha.

Siku ya kumzika shangazi, Hermenegildi alitokea ndani amejifunga kitenge cha marehemu, kavaa na miwani yake, anakohoa kikohozi chake kilekile cha kudai uji. Watu wakashika mbavu. Mama Digna naye alicheka akafuta machozi. Mtani akaingia ndani tena. Aliporudi, juu ya kitenge alikuwa amevaa mkanda wa Ayalandi, vifuko vyote vimejaa karanga za kukaanga, anapita kwa waombolezaji akitangaza karanga, karanga za moto.

Mama Digna aliona giza. Alisimama katikati ya msiba akamwambia avue mkanda ule mara moja, kwamba hana adabu, kwamba hicho si kitu cha kuchezea mtu mwenye mikono ya grisi. Tena akaongeza neno kuhusu malezi yake, ambalo sitalirudia kwa sababu mama mzazi wa Hermenegildi alikuwa mtu mwema. Hermenegildi alivua miwani ya shangazi polepole, akasema amesikia. Kisha akaondoka na mkanda kifuani. Kwa mila, sasa usingerudi mpaka siku ya kumaliza matanga, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na usingerudi hata siku hiyo kama mwenye msiba bado ana kinyongo.

Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Jumamosi matanga, Jumatatu mgeni. Mama Digna hakuwa tayari kuacha jambo kubwa hivyo likae ukingoni namna hiyo, basi kesho yake akakamata jogoo wake mkubwa mwekundu, akamfunga miguu, akaenda naye kwenye kibanda cha Hermenegildi. Alikuta baiskeli zimelala magurudumu juu na fundi kainama kwenye beseni la maji akitafuta tundu la pancha. Akamwekea jogoo mbele, akasema haya, ukombozi huo, nipe changu.

Hermenegildi alimtazama jogoo, akamtazama mwenye jogoo.

"Mama Digna, kuku huyu ameshikwa na mkono wenye hasira," alisema. "Tukimpika hataiva."

Akarudi kwenye pancha yake. Alipobanwa sana alisema mkanda hata haupo kwake, umekwenda kutembea kwa watani wenzake wa Kivukoni. Mama Digna akapanda bodaboda palepale, jogoo kwapani. Dereva alijaribu kuuliza habari za yule jogoo, akajibiwa aangalie barabara.

Pale Kivukoni siku hizi magari yanapita juu darajani, lakini chini mitumbwi ipo na samaki wapo. Alimkuta Mariana, bibi wa Kingoni anayekausha samaki, mtani naye, mkubwa kwake kwa umri. Mama Digna akashusha hasira kidogo akamwamkia shikamoo, maana hata ukigombana na dunia salamu ni salamu. Bibi Mariana akaitikia marahaba, akampisha kwenye kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia asijisumbue. Mkanda upo, mzima, mahali pakavu, na hata akiupindua mto wote hataupata kabla ya siku yake. Ila yeye alikuwa na swali moja. Kulikuwa na ubaya gani hata akamfokea mtani mbele ya maiti?

Mama Digna akajibu kwamba kile ni kitu cha watu waliokufa vitani, hakichezewi.

"Na shangazi yako je, hakufa?" aliuliza bibi Mariana. "Mbona miwani yake ulicheka?"

Mama Digna akamhamishia jogoo kwapa la pili. Bibi Mariana akageuza samaki wake upande wa pili, akasema kwamba mtu asiyechekewa amekufa mara mbili, na kwamba aje Jumamosi akiwa na meno nje. Jogoo akarudi Kibaoni kama alivyokwenda.

Njia nzima lile swali lilimsumbua, lakini moyo haukulegea upesi. Alijiuliza vipi kama karanga zimeacha mafuta, vipi kama kifuko kimechanika. Usiku alikuwa akiamka kulitazama kabati, na pale katikati palipokuwa mahali pa mkanda palikuwa na msumari mtupu. Alijiona kama mlinzi aliyelala lindoni. Aliogopa, na hakumficha Digna kwamba anaogopa.

Ijumaa jioni simu ya Digna ikalia. Nora alikuwa amepata gari Morogoro mapema kuliko alivyotarajia. Angeingia Ifakara kesho yake, Jumamosi, mchana.

Mama Digna alikaa kwenye ngazi ya jikoni, kanga kichwani. Kisha akainuka akasema basi, kama dawa ni kucheka, atacheka. Akaanza kujifunza. Digna anasema alimkuta asubuhi mbele ya kioo, anatanua mdomo na kutoa sauti, na kicheko chenyewe kilikuwa kama cha mtu anayeng'olewa jino. Wanawake wa kupika walipomsikia wakacheka wao, yeye akabaki palepale. Wali ukaiva, nyama ikaiva, togwa ikapoa kwenye ndoo, watu wakajaa chini ya turubai. Na jua lilipokuwa utosini, watani wakaingia.

Walikuja jeshi zima, bibi Mariana mbele na ngoma ya sufuria, wanaume nyuma na fimbo mabegani kama bunduki. Katikati yao Hermenegildi, kitenge cha shangazi, miwani ya shangazi, na mkanda kifuani umetuna karanga. Walikuwa wanaupigania uhuru wa shangazi Agnella. Shangazi alikuwa anadai sukari kwenye uji, na asipopewa angeuteka mji wote wa Ifakara. Hermenegildi akatambaa, akajibanza nyuma ya pipa la maji, akachomoa karanga kifukoni, akailenga, akaila. Watu walikuwa hoi.

Ni wakati huohuo gari likasimama barabarani, na mama mmoja mnene wa kizungu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, akashuka. Alimwamkia shikamoo mtoto wa kwanza aliyekutana naye, mtoto akaitikia marahaba bila aibu. Digna akamkimbilia. Mama Digna alipogeuka, Nora alikuwa ameshafika ukingoni mwa turubai, amesimama, anamtazama mwanamume aliyevaa kitenge na mkanda wa babu yake akifyatua karanga.

Mama Digna alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile, mafuta yote yale ya nyonyo, halafu mwenye mali anafika anaukuta mkanda kwenye hali hii. Akamwendea mgeni, akamshika mikono yote miwili, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, maneno yanagongana, Digna anatafsiri nyuma yake na kuachwa. Ni msiba, alisema. Ni mila. Ni kosa langu, nilimnunia mtani.

Nora hakuwa anamsikiliza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama Digna alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, ila mama yule alikuwa anacheka, kicheko kinachotoka tumboni, mpaka akatafutiwa kiti. Alipopata pumzi alimwambia Digna kwamba kijijini kwao, zamani za babu yake, watu walipokesha na maiti walifanya mambo hayahaya. Walivaa koti la marehemu, walimwigiza, walicheza michezo ya vita mpaka padri akakasirika. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona, alisikia kwa mama yake tu. Na hakutegemea kuja kuyaona Ifakara.

Kisha akaomba kujua kwenye vifuko mna nini. Hermenegildi, kwa mara ya kwanza siku ile mwenye wasiwasi kidogo, akasogea akamwonyesha karanga. Hapo Nora akaanza kucheka upya.

"Babu hakuwa na risasi," alisema, Digna akitafsiri kwa sauti uwanja wote usikie. "Bunduki zilikuwa chache, risasi chache zaidi. Mama yake alimjazia viazi vya kuchemsha. Waingereza walipowafukuza, alijificha kwenye kinamasi kutwa nzima, maji shingoni, anakula viazi. Hivyo ndivyo alivyopona."

Mtaa mzima uliujua mkanda ule. Watoto wa shule waliletwa kuutazama, na wote waliambiwa na Mama Digna kwamba vifuko vile vilijaa risasi zilizomtoa Mwingereza Ayalandi. Macho yote yakamgeukia. Naye, akiwa amesimama katikati ya watu, akaliona lile jambo lote: viazi, kinamasi, na yeye na mafuta yake ya nyonyo akipaka vifuko vya viazi kila Ijumaa ya kwanza kwa heshima ya Moyo Mtakatifu. Kicheko kikamtoka chenyewe, bila kioo, bila mafunzo. Alicheka akainama, akashika magoti, akamshika bibi Mariana ili asianguke.

"Kumbe karanga zimejua njia," alisema Hermenegildi.

Sasa kinyongo kilikuwa kimekwisha na kila mtu alikiona kimekwisha. Ukabaki ukombozi. Digna akamweleza mgeni kwamba mkanda hautoki bure, lazima mtani apewe kitu, na akaenda kumleta jogoo. Lakini Nora akauliza kama na yeye, mjukuu wa mwenye mkanda, anaweza kutoa. Wakamwambia ndiyo. Akafungua mkoba wake, akatoa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cha jikoni, akasimulia.

Sista Brijita alikwenda nacho nyumbani likizo moja, miaka mingi iliyopita. Bibi mmoja wa Kipogoro alimletea usiku akitaka kitupwe chooni, kwa sababu yeye sasa ni Mkristo, na kitu hicho ni cha vita vya baba yake, cha ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, anaogopa kukitunza na anaogopa kukitupa. Akamwapisha Sista asimwambie mtu wa ukoo wake. Sista hakuweza kukitupa, na kiapo hakuweza kukivunja. Akakitundika jikoni kwa mdogo wake, chini ya picha ya baba yao, akaagiza kwamba ni cha nyumba ya Paulina, yule msichana mwenye mkono mwepesi, na wakati ukifika kirudi. Nora alikua akikiona kila siku akila uji wake. Mama yake alipofariki, alijua wakati umefika.

Alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kibuyu kidogo cha kuning'iniza shingoni, kimeiva weusi kwa moshi na mikono ya watu, na kamba yake kuukuu. Nora, ambaye hakujua mila inavyokwenda, alidhani anafanya jambo sahihi kabisa. Akakiweka mikononi mwa Hermenegildi.

Watu waliacha hata kutafuna. Kitu kilichotolewa kwa mtani ni cha mtani. Kile ambacho Mama Digna alikitafuta maisha yake yote, akakusanya vya wenzake kwa sababu ya kukikosa, kilikuwa kimepita mbele ya macho yake kikaishia kwa fundi baiskeli.

Hermenegildi alikitazama muda mrefu. Wazee wa kwao nao waliiamini dawa ile, na wengine walinyongwa Songea kwa ajili yake. Akavua miwani ya shangazi. Akavua mkanda, akamvisha Nora. Kisha akamwendea Mama Digna akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

"Hiki sikichezei, mtani," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno hayo. Mama Digna alikipokea. Kilikuwa chepesi mno, kama hakina kitu, na alipokileta puani kilinuka moshi wa jiko la mbali. Alilia, tena kwa sauti, hakujificha. Alimlilia bibi yake na mwiko wake, na siri iliyomla miaka yote ile. Alimlilia baba wa bibi, aliyekwenda Mahenge na kibuyu chake kingine shingoni, ama hikihiki kilichorudishwa na mwenzake, nani ajuaye. Kisha, katikati ya kulia, akakumbuka samaki wanaogeuzwa na swali la bibi Mariana.

Akapangusa uso kwa kanga. Akaifungua ile kamba taratibu, akamvisha Hermenegildi kibuyu shingoni.

"Kichezee," alisema. "Babu yangu hakuzikwa na watani. Mzike leo."

Hermenegildi alisimama kama aliyepigwa na kitu. Macho yalimlowa, na nadhani alitaka kukataa. Halafu mgongo ukanyooka. Akarudi nyuma mpaka katikati ya uwanja, akatanua mikono, akainua kifua chenye kibuyu, akawatazama Wajerumani wote wa dunia usoni.

Mama Digna akamgeukia Nora, akaingiza mkono kwenye kifuko cha mkanda, akatoka na konzi ya karanga. Yeye ndiye aliyerusha wa kwanza. Karanga zikampata mtani kifuani.

"Maji!" alipiga kelele Hermenegildi, na hakuanguka.

Nora akarusha. Digna akarusha. Bibi Mariana akarusha kwa nguvu kuliko wote, na watoto wakagombania vifuko. Karanga zilimnyeshea mtu yule kichwani, mabegani, miguuni, naye anacheza, anasonga mbele, kibuyu kinaruka shingoni, anaita maji, maji, na uwanja mzima unaitikia, watu wanalia na kucheka kwa pamoja na hakuna aliyejua lipi ni lipi. Alisonga mpaka akamfikia Mama Digna, mzima, bila jeraha, akamwinamia.

Jogoo mwekundu, ambaye katika vurumai ile alikuwa amefunguliwa na mtu asiyejulikana, alikuwa anapita katikati ya miguu ya watu akiokota risasi moja moja.